Mita Tatu Nyuma ya Bampa

Leo nazungumza na wewe mwenye gari la siku nyingi: Corolla 110, Mark II, Carina, Noah ya zamani, RAV4 ile yenye spea tairi mgongoni. Injini haina neno, bodi bado inavumilika, ila ukiweka rivasi unarudi kwa kubahatisha, shingo umeipinda na mguu hautoki kwenye breki. Umesikia zipo kamera za nyuma za bei nafuu. Umepita Kariakoo ukazikuta zimepangwa dukani kama peremende, kila boksi na sifa zake, na muuzaji anakuapia kwamba zote ni kali. Uchukue ipi? Jibu langu nalitoa sasa hivi, halafu nitalitetea. Usinunue kamera kwa sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Inunue kwa vipimo viwili: mita tatu na sekunde mbili. Na fedha utakayookoa kwa kuziacha zile sifa, ipeleke kwenye waya na kwa fundi. Mita tatu, sekunde mbili, kisha waya na fundi. Nitayarudia maneno haya mpaka myachoke.

Tuanze na mita tatu. Ni zipi hizo? Ni zile zinazoanza pale bampa la nyuma linapoishia. Kama gari lako limeegeshwa hapo nje na unazo dakika kumi, fanya jaribio dogo. Zima gari, vuta hendibreki. Chukua ndoo ya lita ishirini, hii hii ya kuchotea maji, iweke nyuma ya gari, katikati, iguse bampa. Sasa kaa kwenye kiti cha dereva. Tazama kioo cha ndani, kisha geuka utazame kwa macho yako. Unaiona ndoo? Huioni. Mwambie mtu aisogeze nyuma hatua moja. Unaiona? Bado. Hatua nyingine, na nyingine tena. Kwenye saluni yenye buti lililonyanyuka, ndoo itakwenda mpaka uanze kudhani mwenzako ameondoka nayo. Sababu haina uchawi. Jicho la dereva wa gari dogo liko juu kidogo tu ya ukingo wa buti, kwa hiyo mstari wa kuona ukishavuka ukingo ule unateremka taratibu mno, na mpaka uiguse ardhi umeshafika mbali. Chochote kifupi kilicho chini ya mstari ule, kwa dereva hakipo. Ndoo haipo. Jiwe halipo. Mtoto aliyechuchumaa kuokota mpira hayupo. Vioo vya pembeni navyo, kama jina lake lilivyo, vinatazama pembeni. Pale katikati mgongoni mwa gari havifiki.

Sasa utaniuliza: hizo mita tatu na sekunde mbili umeziokota wapi? Swali zuri. Nimezichukua kwenye kanuni za Marekani, na zina historia ya kuhuzunisha. Mwaka 2002, huko New York, mtoto wa miaka miwili aitwaye Cameron Gulbransen aligongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao, na aliyekuwa kwenye usukani ni baba yake mzazi. Mwaka 2008 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyopewa jina la mtoto huyo. Ubishi wa namna ya kuitekeleza ulichukua miaka mingine mingi, na hatimaye magari yote madogo mapya yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani kuanzia tarehe 1 Mei 2018 yakalazimika kuwa na kamera ya nyuma. Kanuni ile haikusema tu "wekeni kamera." Ilitaja ni nini kionekane: eneo nyuma ya gari lenye upana wa mita tatu hivi na urefu wa mita sita hivi. Na ikataja ni lini kionekane: picha iwe imeshatokea ndani ya sekunde mbili tangu dereva aweke rivasi. Mimi kwenye urefu nimekukatia nusu, nimebaki na mita tatu za kwanza, kwa sababu kule mbali zaidi kioo angalau kinakusaidia. Japani wenyewe, wanakotoka wengi wa magari yetu, walianza kuvidai vifaa vya kuonea nyuma kwenye aina mpya za magari mwezi Mei 2022. Kwa hiyo gari lako lililotoka kiwandani mwaka 1999 au 2004 hakuna sheria iliyolilazimisha. Hilo jukumu umeachiwa wewe na mfuko wako.

Habari njema ni kwamba vipimo hivi viwili havina gharama. Unaweza kuvitumia dukani ukiwa umesimama, na vitakuchujia robo tatu ya vilivyomo. Chukua kwa mfano kamera zile zinazorusha picha kwenye simu kwa njia ya Wi-Fi. Zinavutia, maana huhitaji kununua skrini. Lakini hebu tufuatane. Umeingia kwenye gari asubuhi. Utoe simu, ufungue programu, uiunganishe na kamera, usubiri picha ije. Hizo ni sekunde mbili? Na siku simu inaita katikati ya rivasi, itakuwaje? Hiyo imeshafeli. Chukua pia redio kubwa za Android za bei ya chini, zile zenye skrini pana inayopendeza. Nyingine zikishawashwa hukaa zinaonyesha nembo kwa muda mrefu kabla ya kufanya lolote. Ukishaendesha nusu saa, kamera inatokea papo hapo na unaisifu. Lakini hatari kubwa ya kurudi nyuma iko wapi? Iko uani nyumbani, asubuhi, gari ndiyo kwanza limewashwa, watoto wanaaga. Kwa hiyo ukiijaribu redio ya namna hiyo, usiijaribu ikiwa imeshapata moto. Mwambie muuzaji aizime kabisa, aiwashe upya, aingize rivasi hapo hapo. Kama picha ya kamera inatangulia nembo, hiyo inafaa. Kama nembo inatangulia kamera, mrudishie.

Kisha zipo zinazoitwa kamera zisizo na waya. Jina hili linadanganya, msikilizaji. Kamera ya namna hiyo bado inahitaji waya wa umeme kutoka kwenye taa ya rivasi. Kilichoondolewa ni waya wa picha tu, ule unaotoka nyuma kwenda mbele. Badala yake picha inarushwa hewani, mara nyingi kwenye masafa yale yale ambayo Wi-Fi na Bluetooth zinagombania, na matokeo yake ni picha inayokatika, inayochelewa, au inayojaa chenga mahali penye mitambo mingi. Kwa lori lenye tela naweza kuelewa, maana kupitisha waya kwenye tela ni kazi. Lakini saluni yenye urefu wa mita nne na nusu? Waya wa mita sita, ambao kwa kawaida unauzwa ndani ya boksi lile lile, unatosha na kubaki. Kupitisha waya ule chini ya zulia na kando ya milango ni kazi ya mara moja. Chenga utakaa nazo kila siku.

Je, skrini uichukue ipi? Hapa kabla hujanunua chochote, tazama kwanza ulichonacho. Magari mengi ya Japani yaliingia nchini na redio zenye skrini, zinazoongea Kijapani na kukuonyesha ramani ya Osaka ukiwa Mbagala. Watu wanaziona takataka, hasa kwa kuwa FM yake huishia 90 wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Huenda ndiyo maana baadhi yenu hamnipati mkiwa barabarani. Lakini nyingi za redio hizo zina tundu la kamera kwa nyuma, na kwenye baadhi ya magari kamera yenyewe ilishafungwa, imekufa tu au waya umekatika. Fundi wa redio za magari ataichomoa na kukuambia kwa dakika chache. Kama tundu lipo, umeshaokoa sehemu kubwa ya gharama. Kama halipo, zimebaki njia mbili za bei nafuu: skrini ndogo ya inchi nne au tano ya kuweka kwenye dashibodi, au kioo cha ndani chenye skrini ndani yake, kinachofungwa juu ya kile cha zamani. Mimi naelemea kwenye kioo, na sababu yangu ni kwamba macho ya dereva anayerudi nyuma tayari yanakwenda pale kwa mazoea. Ile ya dashibodi inakaa kwenye jua la Dar es Salaam mchana kutwa, gundi inayeyuka, na siku moja unaikuta imelala miguuni kwa abiria. Kioo nacho kina kasoro yake: jua likipiga kwa nyuma picha inafifia. Ndiyo maana ukijaribu, jaribu nje juani, si ndani ya duka lenye kivuli.

Tumefika kwenye kamera yenyewe, na mtashangaa kwamba ndiyo nitakayoizungumzia kwa ufupi. Boksi litakuambia nyuzi 170, HD, inaona gizani, haiingii maji. Nyuzi 170 maana yake ni picha pana sana iliyopinda kingoni, ambayo inavifanya vitu vilivyo karibu vionekane viko mbali. Nyuzi 120 hadi 150 zinatosha kuziona mita tatu zako bila kupotosha sana umbali. HD haina faida kama skrini yako ni ya zamani, na wakati mwingine ni hasara, kwa sababu kamera za mfumo mpya wa AHD hazielewani na skrini za mfumo wa kawaida. Utapata giza tupu au mistari inayokimbia, na utadhani umeuziwa mbovu. Nunua kamera na skrini za mfumo mmoja, au zijaribu pamoja palepale dukani. Kuhusu maji, namba zile za IP67 zina maana yake halisi: 6 ni kwamba vumbi haliingii, na 7 ni kwamba kifaa kinaweza kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Tatizo ni kwamba kuichapa namba kwenye boksi hakuna gharama yoyote. Wewe tazama mahali waya unapotokea kwenye kamera. Kama mpira umeshikana na bodi kama kitu kimoja, inatia moyo. Kama unaona upenyo, mvua ya masika ya kwanza itauona pia. Na kuhusu giza, kabla ya kulipia kamera yenye vitaa kuzunguka lenzi, ambavyo mara nyingi humulika vumbi lililo kwenye lenzi yenyewe, fungua taa zako za rivasi. Kwenye gari la miaka ishirini plastiki imekuwa ya njano na balbu moja huenda imekufa zamani. Isafishe, weka balbu mpya pande zote mbili, halafu ndipo uulize kama kamera inaona usiku.

Nirudi kwenye neno langu: waya na fundi. Kwa nini nalikazania? Kwa sababu kamera ya bei nafuu ni kama balbu. Itakufa siku moja, nakubali, na hapa ndipo wengi wananipinga wakisema kitu rahisi ni ghali, bora mtu anunue ya gharama au aache kabisa. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kamera rahisi ikifa, unafungua skrubu mbili, unachomoa, unachomeka nyingine, basi. Kinachofanya ibadilike kirahisi hivyo ni waya uliopita vizuri. Lakini kamera ya bei ya juu iliyofungwa na nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu itazima kila gari likipita kwenye tuta, na utabomoa buti zima kutafuta pa kuanzia. Magari ya zamani yana neema moja ambayo mapya hayana: umeme wake ni wa moja kwa moja. Ukiweka rivasi, waya wa taa ya rivasi unapata volti 12, na kamera inakunywa hapo hapo. Ukitoa rivasi inazima, haili betri. Hakuna kompyuta ya kulalamika. Basi mwambie fundi umeme mambo machache. Maungio yalehemiwe, yasisokotwe tu. Kichwa cha hasi kikae kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, maana hasi iliyolegea ndiyo mama wa chenga. Umeme wa skrini upite kwenye fyuzi ndogo. Na waya unaoingia kwenye mlango wa buti upite ndani ya ule mpira unaopitisha nyaya nyingine, wenye mikunjo kama shingo ya kobe, usipite nje yake, kwani buti likifunguliwa na kufungwa mara mia, waya wa nje unakatika. Asitoboe bodi kama anaweza kuepuka. Kamera nyingi zinakaa kwenye skrubu za pleti namba, na sisi wa pwani tunajua chumvi inavyoligeuza tundu moja kwenye bati kuwa kutu.

Nisikilize upande wa pili. Yupo anayesema: nina miaka ishirini barabarani, vioo vinanitosha. Huyo sibishani naye, namrudisha kwenye ndoo. Uzoefu unakufundisha mambo mengi, lakini haukufundishi kuona kupitia bati. Yupo anayesema: mimi nina sensa, inalia tii-tii-tii nikikaribia ukuta. Sensa ni nzuri kwa ukuta. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, kabla ya kuamua kudai kamera, ilizijaribu sensa na kukuta haziaminiki katika kuwagundua watu, hasa watoto wadogo. Tena fikiria: sensa inakuambia kuna kitu, haikuambii ni kitu gani, na dereva aliyezoea kulia kwake kwa sababu ya majani na vizingiti huanza kuipuuza. Wa tatu anasema utingo au mtu wa nyumbani atashuka amwelekeze, rudi, rudi, kata kulia. Vizuri sana, akiwepo. Lakini yeye naye husimama upande mmoja.

Pingamizi gumu zaidi ni la anayesema kamera itamfanya dereva awe mvivu, akodolee skrini na kusahau dunia. Huyu ana ushahidi upande wake, nami siwezi kuuficha. Taasisi ya Marekani inayogharamiwa na kampuni za bima, IIHS, ilipima na kukuta kwamba kwa wastani kamera inapunguza eneo lisiloonekana nyuma ya gari kwa takriban asilimia 90. Ni nyingi mno. Lakini ilipokwenda kutazama ajali za kurudi nyuma zilizoripotiwa polisi, zilikuwa zimepungua kwa asilimia 17 tu kwenye magari yenye kamera. Kati ya 90 na 17 pana dereva. Yupo asiyetazama skrini kabisa, yupo anayetazama mara moja kisha akaachia breki, na kipo kitu kilichojificha kwenye kivuli au kilichotokea ubavuni baada ya macho kuondoka. Je, hiyo ni sababu ya kuacha kamera? Mimi naona ni sababu nyingine ya kuchagua kwa mita tatu na sekunde mbili. Picha inayochelewa inamfundisha dereva kutoisubiri. Picha ya chenga inamfundisha kutoiamini. Skrini iliyo mbali na macho inamfundisha kutoitazama. Kamera itakayotumika ni ile inayotokea kabla mguu haujaondoka kwenye breki, mahali ambapo macho yangekwenda hata kama isingekuwepo. Na huyo dereva bado atageuza shingo, bado atatazama vioo, bado atarudi kwa mwendo wa kinyonga. Na kila asubuhi atapitisha kitambaa kwenye lenzi, maana vumbi la njia zetu halijali bei ya kamera.

Basi fundi akishamaliza, na kabla hajarudisha zulia na plastiki za buti, usimlipe kwanza. Mwambie aweke rivasi, injini ikiwa imezimwa na swichi iko hatua ya pili. Mtu asimame nyuma, usawa wa taa ya kulia. Kwenye skrini aonekane kulia, kama anavyoonekana kwenye kioo. Akionekana kushoto, picha imegeuzwa, na utakata usukani kuelekea kule kule unakokimbia. Kwenye kamera nyingi kuna kitanzi kidogo cha waya kinachokatwa kurekebisha hilo, na maelezo yake yamo kwenye karatasi ambayo fundi ameshaitupa, kwa hiyo iokote mapema. Halafu ile mistari ya kijani, njano na nyekundu: usiiamini mpaka uipime, kwa kuwa haijui gari lako lina urefu gani kutoka chini. Lete ndoo yako ya lita ishirini. Iweke ikigusa bampa. Ionekane, na ukingo wa bampa nao uonekane kidogo chini ya picha. Kama haionekani, kamera imeinama vibaya, fundi aiinamishe zaidi. Kwa wenye spea tairi mgongoni, kagua kwamba tairi haikukatii nusu ya picha. Isogeze ndoo mita moja, ukumbuke imefika mstari gani. Isogeze mita mbili, kisha tatu. Zima kila kitu, washa upya, weka rivasi, hesabu moja, mbili. Ikiwa ndoo imeshatokea, mlipe fundi haki yake, naye arudishe plastiki zake.